Chumvi Chini ya Barabara: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Maji wa Kitui na Makueni

Kwa:
Waheshimiwa Magavana wa Kaunti za Kitui na Makueni,
Waheshimiwa Mawaziri wa Maji wa kaunti zote mbili,
Wakala wa Ustawishaji wa Kazi za Maji wa Tanathi, Kitui.

KUH: TOPE LA KULAINISHIA MABOMBA KATIKA ARDHI YA CHUMVI

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa kusukuma mabomba chini ya barabara. Kazi yetu hufanyika shimoni, na ikienda sawa hakuna mpita njia anayejua kwamba imefanyika: malori yanaendelea kupita juu, bomba linapita chini. Nawaandikia kwa sababu katika kaunti zenu kazi hii inaharibiwa na kitu kinachoweza kupimwa kwa dakika chache kabla ya mtambo kushushwa kwenye lori. Kitu hicho ni chumvi: ile iliyo ardhini, na ile iliyo katika maji tunayokorogea tope la kulainishia bomba. Ombi langu ni moja. Tope hilo liandikwe kwenye mkataba, lilipiwe, na lipimwe na mhandisi wenu kama anavyopima zege na nondo.

Wakati wa kulisema ni sasa. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 pale Mto Thwake unapoingia Mto Athi, limesanifiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 688. Maji hayo hayatatembea yenyewe. Yatahitaji mabomba ya kuyafikisha mijini na vijijini, na mabomba hayo yatakutana na njia ambazo haziwezi kufungwa. Makueni imepitiwa na Barabara ya Mombasa, na karibu nayo imelala reli ya SGR iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, yenye vituo Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Upande wa pili wa Mto Athi, lami kutoka Kibwezi hadi mjini Kitui inapita Ikutha na Mutomo, mahali ambapo watu wamekunywa maji ya chumvi tangu enzi za mababu. Ongezeni laini ya Masinga inayoleta maji Kitui na ile ya Kiambere inayoleta maji Mwingi, ambazo kila zikitanuliwa hukutana na barabara nyingine. Barabara kuu na reli hazikatwi kwa sururu. Bomba hupitishwa chini yake, na hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Nieleze kwa ufupi inavyofanyika. Tunachimba shimo upande mmoja wa barabara na jingine upande wa pili. Katika shimo la kwanza tunaweka jeki zenye nguvu, zimeegemea ukuta wa zege. Jeki zinasukuma bomba la kinga, kipande baada ya kipande, huku udongo ukichimbwa mbele na kutolewa nje. Kichwa kinachochimba ni kipana kidogo kuliko bomba, kwa hiyo kunabaki mwanya mwembamba wa sentimita moja hadi tatu kati ya bomba na udongo. Mwanya huo ndio unaojazwa tope la bentonaiti kupitia matundu yaliyo kwenye bomba. Tope lina kazi mbili. Linashikilia udongo usiporomoke juu ya bomba, na linalainisha ili bomba liteleze. Bomba la maji lenyewe hupitishwa baadaye ndani ya lile la kinga.

Faida yake inaonekana kwa hesabu ya kawaida. Chukueni bomba la kinga lenye kipenyo cha nje cha mita 1, linalopita mita 60 chini ya barabara. Eneo lake linalogusana na ardhi ni karibu mita za mraba 188. Ikiwa kila mita ya mraba inashikwa na ardhi kwa nguvu ya tani 1, jeki zitahitaji kusukuma kwa tani 188, bila kuhesabu ukinzani ulio mbele ya kichwa. Tope likifanya kazi vizuri, msuguano ule unaweza kushuka hadi tani 0.2 kwa mita ya mraba, na mzigo wote ukawa chini ya tani 40. Tofauti hiyo ya tani 150 ndiyo inayoamua kama bomba litafika upande wa pili, au litang'ang'ania katikati ya barabara huku ukuta wa zege nyuma ya jeki ukianza kupasuka.

Sasa chumvi inaingia wapi? Bentonaiti ni udongo wa mfinyanzi wenye chembe bapa, nyembamba mno, zilizopangana. Katikati ya chembe hizo kuna sodiamu. Ukiinyunyiza kwenye maji matamu, maji hupenya kati ya chembe, chembe zinaachana, na udongo unavimba mara kadhaa ya ukubwa uliokuwa nao ulipokuwa mkavu. Hapo unapata tope lenye tabia ya pekee: likitulia linaganda, likisukumwa linatiririka. Ndani ya ule mwanya hiyo ndiyo tabia tunayoitaka. Lakini maji yakiwa na chumvi nyingi, chembe haziachani. Kalsiamu na magnesiamu zinachukua nafasi ya sodiamu na kuzibana pamoja, na kloridi ikizidi nguvu zinazozitenganisha chembe zinafifia. Udongo unagandana vipandevipande na kuzama, maji yanabaki peke yake, kisha yanapotelea ardhini. Bomba linabaki limevaa mchanga mkavu.

Hili halihitaji maabara ili lionekane. Chukueni ndoo mbili. Moja itiwe maji ya mvua, nyingine maji ya kisima cha chumvi cha pale pale kwenye kazi. Kila ndoo ya lita 20 ipewe kilo moja ya bentonaiti kutoka mfuko mmoja, inyunyizwe polepole huku ikikorogwa, kisha ziachwe hadi asubuhi. Ndoo ya maji ya mvua mtaikuta na tope zito, laini, lisiloonyesha maji juu. Ukichovya mkono, unatoka umefunikwa ngozi ya udongo inayong'aa na kuteleza. Ndoo ya maji ya chumvi itakuwa imejitenga kama maziwa yaliyoharibika: juu maji maangavu, chini mashapo ya udongo, na ukiyasugua kati ya vidole yanakwaruza. Mfuko ni ule ule na bei ni ile ile. Kilichobadilika ni maji tu.

Ardhi yetu ina sababu zake za kuwa na chumvi. Sehemu kubwa ya Kitui na Makueni imelala juu ya miamba mikongwe sana ya Ukanda wa Msumbiji, miamba iliyopikwa na kubanwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka. Haina nafasi ya kuhifadhi maji mengi. Maji hukaa kwenye nyufa na kwenye tabaka la mwamba uliooza, yakisogea taratibu na kuokota madini njiani. Mvua ni haba, na jua linarudisha angani maji mengi kuliko mvua inavyoleta, kwa hiyo chumvi inabaki nyuma na kulimbikizana mwaka hadi mwaka. Kwingine kuna tabaka la chokaa gumu karibu na uso wa ardhi, ambalo ni ghala la kalsiamu. Ndiyo maana baadhi ya visima vya Kitui kusini na mashariki vimefungiwa mitambo ya kuondoa chumvi, na ndiyo maana wenyeji huchimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji ya kunywa hata pale penye kisima chenye pampu. Mama yeyote wa Mutha au Ikutha anajua ni kisima kipi maji yake hayaivishi maharagwe. Ujuzi huo haufiki kwenye ofisi inayoandika mkataba.

Niwaeleze ninachokiona shimoni. Mkandarasi anafika na mtambo wake. Maji matamu yako mbali, na hakuna aliyempangia bajeti ya kuyaleta. Anavuta maji kutoka kisima cha karibu. Tope linaonekana jepesi, basi kijana anayekoroga anaongeza mfuko, kisha mwingine. Sasa ni zito kwa macho, lakini ni uzito wa udongo usiovimba. Mita 15 za kwanza zinakwenda salama. Kufikia mita ya 30, sindano ya geji ya jeki inapanda kwa kila kipande kinachoongezwa. Jioni kazi inasimama ili watu wapumzike. Asubuhi jeki zinawashwa, sindano inaruka hadi kwenye alama nyekundu, na bomba halisogei hata kidole kimoja. Usiku kucha tope limepoteza maji yake na udongo umelikumbatia bomba. Anayelazimisha anavunja kiungo cha bomba. Anayeacha anachimba shimo la uokoaji kando ya lami, au katikati yake. Na hata bomba likipita, mwanya usiojazwa vizuri unabaki na mapengo, na baada ya msimu wa mvua barabara inabonyea mahali pale pale.

Huyo mkandarasi si lazima awe mwizi. Mara nyingi ni mtu aliyeshinda zabuni kwa bei isiyokuwa na tope ndani yake. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaruhusu kazi apewe mwenye bei ya chini kati ya waliotimiza masharti. Sasa, masharti yakiwa kimya kuhusu tope, mkandarasi anayelijua jambo hili anaweka bei ya bauza la maji matamu, ya bentonaiti ya daraja zuri, ya polima na ya vipimo, na kwa sababu hiyo anashindwa. Anayeshinda ni yule ambaye hakuvifikiria. Kwa hiyo ukimya wa mkataba unawaadhibu waangalifu na kuwapa kazi wasiojiandaa, kisha gharama ya bomba lililonasa inarudi kwa umma kupitia madai ya nyongeza na ucheleweshaji. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na hapa gharama inalipwa na kijiji kinachoendelea kusubiri maji.

Dawa zipo, na nyingine zinapatikana hapa hapa nyumbani.

Ya kwanza ni maji matamu ya kukorogea. Katika mfano wetu wa mita 60, mwanya wa sentimita 2 unameza karibu mita za ujazo 4 za tope. Kwa kuwa sehemu yake hupotelea ardhini, tuseme mita za ujazo 10. Hilo ni bauza moja la lita 10,000. Najua lita 10,000 ni mitungi 500 ya lita 20, na katika nchi yenye kiu huo si mzaha. Kwa hiyo mkataba uonyeshe maji yatatoka wapi, na yasitoke kwenye kioski ambacho akina mama wamepanga foleni. Yaletwe kutoka chanzo chenye ziada, na tope linalorudi shimoni lichujwe na kutumika tena.

Ya pili ni magadi yaliyosafishwa, yaani soda ya Ziwa Magadi, Kajiado, ambako kiwanda kimekuwako tangu miaka ya 1910. Soda hiyo ikitangulia kwenye maji, kabla ya bentonaiti, inaishusha kalsiamu chini kama unga wa chokaa na kuyafanya maji yawe laini. Mafundi wengi hutaka kalsiamu isizidi miligramu 100 kwa lita, na kwa maji magumu ya kawaida kiasi cha kilo moja au pungufu kwa mita ya ujazo hutosha. Lakini tusidanganyane: soda inatibu ugumu wa maji, haiondoi chumvi ya mezani. Maji yaliyojaa kloridi hayaponi kwa soda.

Ya tatu ni subira. Bentonaiti ikorogwe kwa maji matamu na iachwe ivimbe usiku kucha kabla ya kukutana na chumvi ya ardhini. Tope lililovimba tayari linastahimili chumvi muda mrefu kuliko lililokorogwa asubuhi na kusukumwa asubuhi hiyo hiyo. Baada ya hapo ziongezwe polima zinazovumilia chumvi, ambazo zinazuia maji ya tope kupotelea kwenye mchanga. Huko Abu Dhabi maji ya ardhini katika tambarare za sabkha yana chumvi kuliko bahari, na hata hivyo mabomba ya majitaka yamesukumwa chini ya mji, kwa sababu ardhi ya namna hiyo inahesabiwa tangu mchoro wa kwanza. Ya kwetu haijafikia ukali huo.

Ya nne inastahili kuchunguzwa na vyuo vyetu. Upo udongo mwingine unaoitwa sepiolaiti, ambao chembe zake ni nyuzinyuzi badala ya bapa. Hautegemei kuvimba, nyuzi zake zinasokotana majini na kuyafanya yawe mazito, yawe matamu au ya chumvi. Duniani hutumika kuchimbia visima katika tabaka za chumvi. Bonde la Amboseli, linaloanzia Kenya na kuvuka hadi Sinya nchini Tanzania, lina akiba ya udongo huo, na kwa miongo kadhaa ulichimbwa huko kwa ajili ya kuchonga viko vya tumbaku. Sepiolaiti peke yake huvuja maji upesi, hivyo huhitaji polima ya kuisaidia. Lakini Amboseli haiko mbali na nchi ya Wakamba. Chuo Kikuu cha SEKU kiko Kwa Vonza, na kinafundisha elimu ya maji. Wapeni wanafunzi wake udongo wa Amboseli, maji ya Mutomo na swali la kujibu.

Kuna jambo moja linalohusu uhai wa watu moja kwa moja, nalo ni mahali tope linapomwagwa baada ya kazi. Bentonaiti si sumu, lakini ni laini kiasi cha kuziba kila tundu. Kitui na Makueni zinajulikana mbali kwa mabwawa ya mchanga. Shirika la SASOL la Kitui na lile la Utooni yamefanya kazi hiyo na vikundi vya wananchi kwa miaka mingi. Bwawa la mchanga huhifadhi maji katika nafasi zilizo kati ya punje. Lori moja la tope likimwagwa kwenye mto mkavu, mvua ya kwanza italibeba hadi kwenye mchanga huo, na nafasi ambazo wanakijiji walizitafuta kwa jasho zitazibwa. Tope likaushwe kwenye shimo lililotayarishwa, mbali na mkondo wa mto, na mahali hapo paandikwe kwenye mkataba.

Kwa hayo yote, Waheshimiwa, naomba yafuatayo katika kila mkataba wa kupitisha bomba chini ya barabara au reli:

1. Kabla ya zabuni kutangazwa, udongo wa pande zote mbili za barabara uchunguzwe, na maji ya ardhini yapimwe chumvi, kalsiamu na kloridi. Matokeo yaambatishwe kwenye hati za zabuni, ili kila mkandarasi apange bei akijua anakwenda kukutana na nini.

2. Tope liwe na mstari wake kwenye orodha ya kazi na bei, ile tunayoiita BQ: maji matamu, bentonaiti, soda, polima, vipimo na utupaji. Kinacholipiwa kinaweza kudaiwa.

3. Mhandisi msimamizi awe na kipima chumvi cha mkononi na faneli ya Marsh. Faneli hiyo, iliyobuniwa na Hallan Marsh na kutangazwa mwaka 1931, haitumii umeme wala betri. Mililita 946 za maji safi hutoka ndani yake kwa sekunde 26. Tope huchukua muda mrefu zaidi, na mhandisi ndiye anayeweka kiwango kulingana na ardhi. Kipimo kifanywe kila asubuhi na kila tope jipya linapokorogwa, na kiandikwe kitabuni pamoja na usomaji wa geji ya jeki kwa kila kipande cha bomba. Sekunde pekee hazitoshi, kwa sababu tope la chumvi lililojazwa mifuko linaweza kudanganya faneli. Pimeni pia maji linayopoteza.

4. Bomba likishaanza kusukumwa, kazi isisimame usiku bila mpango. Ikilazimu kusimama, tope lipampiwe mara kwa mara na bomba lisogezwe kidogo lisije likashikwa.

5. Bomba likishafika, tope lililo kwenye mwanya libadilishwe kwa saruji nyepesi, ili barabara isibonyee baadaye.

6. Rekodi za kila kivuko zihifadhiwe Tanathi na zifunguliwe kwa wakandarasi na vyuo. Leo kila mkandarasi anajifunza upya, kwa fedha za umma, kilichokwisha kumfika mwenzake kilomita chache tu kutoka hapo.

Najua mtaulizwa fedha zitatoka wapi. Kipima chumvi na faneli ni vifaa vya bei nafuu kuliko siku moja ya mtambo uliosimama. Bauza la maji matamu ni nafuu kuliko kipande kimoja cha bomba kilichovunjika chini ya lami. Wengine watawaambia kwamba vipimo vitachelewesha miradi. Bomba lililonasa chini ya Barabara ya Mombasa linachelewesha zaidi, na kulitoa kunahitaji kibali kingine, shimo jingine na msongamano wa malori.

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na Katiba hiyo hiyo imeweka huduma za maji mikononi mwa kaunti. Haki hiyo inapita ndani ya bomba, na bomba linapita ndani ya tope. Ninaomba masharti haya yaingizwe katika hati za zabuni zitakazotangazwa kuanzia mwaka ujao wa fedha, na ninaomba wahandisi wenu watuite sisi mafundi tukae mezani wakati yanapoandikwa. Mimi niko tayari kuja na ndoo zangu mbili, faneli na mfuko wa bentonaiti, mjini Kitui au mjini Wote, siku yoyote mtakayoitaja.

Wenu katika kazi ya kuwafikishia watu maji,

Fundi wa kusukuma mabomba, Ukambani